Mpanga Madaraja

Kazi yangu ni macho.
Msimu wa ishirini na mbili huu nakaa juu ya gunia,
mlangoni, mwanga wa Urambo unapoingia kwa mshazari,
nachukua jani la tumbaku, nalinyoosha pajani,
nasema: hili la kwanza. Hili la tatu. Hili takataka.
Doa la ukubwa wa punje ya ulezi halinipiti.
Makarani wa chama cha msingi wananijua:
robota la Mama Nyanzala halirudishwi.

Basi niulizeni
nililionaje lile, nikanyamaza.

Ilikuwa Machi. Bafu nimelisakafu upya,
saruji bado inanukia,
nikakuta juu yake kama maji ya rozela yaliyomwagika.

Mgalula akacheka. "Kichocho hicho!
Utotoni tulikikojoa wote, bwawa zima,
asiyekojoa nyekundu tulimwita msichana."
Hakuumwa. Hapo ndipo nilipodanganyika.
Hakuumwa popote,
na mimi nimelelewa kuogopa kinachopiga kelele.

Akameza vidonge. Siku ya nne mkojo mweupe.
Tukachinja jogoo.
Mei ikarudi. Ikakoma.
Agosti ikarudi na mabonge.
Damu ile ina werevu wa mdai wa zamani:
inabisha hodi, inaondoka,
inakuacha ujisifu kwamba deni limekwisha.

Mkanda wake ukatobolewa tundu jipya kwa msumari wa moto.
Nikasema ni bani, ni kuchochea kuni usiku kucha.
Ubavu wa kushoto ukaanza kumvuta kwa nyuma,
akasema amelalia vibaya.

Kitete, Tabora mjini, binti mmoja, Dokta Limi,
alimpaka mafuta ya baridi mpaka mzee akaguna,
akatembeza kidude chake chini ya mbavu, polepole.
Kwenye kioo ikanyesha mvua ya kijivu.
Sikuona figo. Niliona uso wa binti.
Ninaujua uso huo, ni wangu,
jani zuri linapogeuzwa upande wa pili.

"Figo ni kama ngumi," akasema, akakunja yake.
"Kwenye hii ya kushoto pameota kitu, sentimita sita.
Mwanza wataangalia kwa mashine kubwa.
Lakini nashuku saratani."

Presha? Ipo, dawa anasahau.
Ukoo? Baba mdogo alikufa kwa kiuno,
hatukuuliza kiuno gani.
Sigara?

Hapo Mgalula alinitazama mimi.
Miaka arobaini anasokota yale ninayoyatupa.
Nikishatenga takataka, jioni anakuja na gazeti la zamani,
anakusanya, anaramba ukingo wa karatasi,
nami namwashia kwa kijinga cha jikoni.

"Moshi huongeza hatari," alisema Limi. "Presha nayo, unene nao.
Na wapo wasiovuta, wembamba, ikawakuta vilevile.
Usitafute wa kumshitaki leo, mama. Tafuta nauli."
Akaongeza, kama aliyesahau:
"Figo moja humtosha mtu, akiitunza.
Haijatoka nje ya figo, kwa ninavyoona hapa.
Kwa ninavyoona hapa."
Mara mbili alisema. Nilihesabu.

Tuliuza ndama. Alhamisi wanampasua.
Nimemfungia matobolwa, na shati lenye vifungo mbele.
Shemeji yuko naye. Mimi nimebaki na marobota,
soko halingojei mgonjwa.

Wanawake tunaopanga nao nimewauliza, bila haya:
mkojo wa mumeo una rangi gani?
Wako je?
Walicheka mpaka majani yakawapukutika mapajani.
"Nyanzala sasa anapanga na mikojo madaraja!"

Jana jioni mke wa Kashindye, aliyecheka kuliko wote,
alirudi peke yake, akasimama mlangoni,
akaniziba mwanga,
hakusema kitu.

Nikalitua jani chini.